Sauti ya Mama Watoto Niliyoihamisha kwa Dakika Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika mabosi wanne wa idara ya maji, madaktari wawili walionikataza chumvi, redio tano na meno yangu yote ya juu. Mke wangu naye nimemzika, mwaka wa tatu huu, lakini huyo simtii kwenye majigambo.

Shule niliishia darasa la tatu. Naandika polepole. Sawa tu, pampu haziulizi imla.

Leo kisanduku cheusi kimeanza kugonga. Ko, ko, ko. Ndiyo diski ya zamani, ile inayochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Humo mna picha zote za familia na sauti ya mama watoto, dakika kumi na moja, aliyojirekodi mwezi wake wa mwisho. Binti yangu anakuja Jumamosi kuichukua. Jumapili anasafiri kikazi, miaka miwili. Hana nakala nyingine. Hakuna mwenye nyingine.

Nimekipeleka kwa fundi kompyuta, mwanamke wa duka la kona. Katega sikio, kasema mzee, hii inakufa. Nimletee kompyuta yenyewe, atafunga diski mpya kwa ndani, ahamishe kila kitu, kazi ya nusu siku. Nusu siku! Nikamwambia mimi nimefunga pampu zilizonywesha mji mzima. Nikanunua diski mpya, nikaondoka nayo kwapani.

Shemeji alikuwepo. Kaka wa marehemu, karani mstaafu, mtu wa kalamu tatu mfukoni. Akaniuliza, kwa sauti ya duka zima kusikia, eti ile pasi niliyomtengenezea mke wake itaacha lini kuwapiga watu shoti. Mbea!

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua kompyuta. Ndani vumbi la kutosha kupanda mahindi. Diski mpya imeingia baada ya kuisihi kwa kiganja. Skrubu mbili zimebaki. Waliotengeneza walizidisha.

Nikawasha. Ikawaka! Ikaleta swali refu kuhusu diski mpya. Sikulisoma. Maswali marefu yote mimi huyajibu Ndiyo. Hata kuoa nilioa hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kuhamisha. Hapa ndipo elimu ya mabomba inapowashinda wenye vyeti. Kinachopita kwenye mrija hutaka mteremko. Nikaiweka kompyuta sakafuni. Juu ya meza nikapandisha kigoda, juu ya kigoda kisanduku cheusi, waya ukining'inia. Kisha nikavikamata kwa kipanya vile vipicha vyote vya kwenye skrini, kimoja kimoja, nikaviburuta hadi diski mpya.

Dakika moja! Haikufika hata moja. Nusu siku, anasema fundi.

Shemeji akachungulia mlangoni. Akauliza kigoda kimekosa nini hata kipandishwe mezani kama mwizi wa kuku kizimbani. Halafu akauliza ule mshale mdogo kwenye pembe ya kila kipicha ni wa nini. Nikamjibu, karani wewe, huo unaonyesha mkondo unakoelekea. Akaenda zake. Raha!

Nikajaribu. Picha zinafunguka. Nikafungua na sauti. Mama watoto akakohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema jambo. Nikafunga. Inatosha.

Alhamisi, 6 Machi

Kisanduku nimekichomoa. Kitupu hicho, nimeshakikausha. Nimempa mshona viatu wa hapa chini mlangoni. Kizito, kitamfaa kukandamizia soli wakati gundi inakauka. Kanishukuru sana, kasema Baba, hiki kinakaa kuliko tofali.

Ijumaa, 7 Machi

Nyumba kimya. Hakuna ko, ko. Nimezunguka sebuleni mpaka jirani wa chini kagonga dari yake kwa fagio. Nimewasha kompyuta mara tisa kuvitazama vipicha. Vipo. Kuvifungua sikuvifungua, vya nini? Nimekaza bomba la jikoni ambalo lilikuwa halivuji. Sasa linavuja.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya. Binti kafika na chombo chake cha kubebea, kidogo kama kidole. Nikamkalisha, nikajipangusa mikono kama daktari. Akabonyeza kipicha cha sauti. Kompyuta ikasema haikioni kinachotafutwa. Akabonyeza picha ya harusi. Haikioni. Zote haizioni!

Akaniuliza, Baba, kisanduku kiko wapi? Nikamwambia kiko kwa mshona viatu. Hakupiga kelele. Alikaa tu akivua hereni zake, moja, kisha nyingine, akaziweka mezani. Heri angenitukana.

Nilishuka ngazi kama nina miaka sitini. Kisanduku kilikuwa juu ya kiatu cha bibi mmoja. Tundu la waya limejaa gundi. Mshona viatu akaniuliza kama naweza kusubiri kidogo, soli haijashika. Nilimnyang'anya. Mimi na binti tukakibeba, na kompyuta, hadi duka la kona.

Fundi kompyuta akaifukua ile gundi kwa sindano, akipuliza. Akatuambia kosa lilipo. Mzee, umehamisha vibao vya mlangoni, hivi vyenye mshale, nyumba zenyewe ukaziacha kulekule. Ndiyo maana zilifunguka waya ulipokuwa umechomekwa. Shemeji, ambaye hakuna aliyemwita, akakariri maneno hayo mara mbili ili asiyasahau.

Kikachomekwa. Ko, ko, ko. Sijawahi kuupenda mlio kama ule. Tukasubiri nusu siku kamili, binti amenishika mkono wa shati. Picha chache zilipotea. Sauti ilikuja.

Fundi akaicheza kuhakikisha. Mama watoto akakohoa. Kisha akamwambia mwanawe, kwa sauti ile ile ya jikoni, ale, alale, na jambo lingine: baba yako akikwambia amemaliza kutengeneza kitu, kikague kwanza, halafu mwambie ahsante, maana hulala vibaya asiposhukuriwa.

Shemeji alicheka hadi akakaa chini. Halafu akafuta macho na hakuwa anacheka tena. Mimi niliingiwa na vumbi machoni. Duka lile halifagiliwi.

Jumapili, 9 Machi

Binti kaondoka na sauti yake. Mlangoni kaniambia ahsante, Baba. Nimelala vizuri mchana wote.

Nimefikiri. Mama watoto kasema mwenyewe, "akikwambia amemaliza." Maana yake alijua huwa namaliza! Na kama kisanduku kisingekaa juu ya kigoda siku ile, kisingetoa hata hizo picha zilizotoka jana. Fundi kasema inafaa kuwe na nakala ya pili mahali pengine. Nitaifanya mwenyewe kesho, kwenye kompyuta ya shemeji. Huyo kaficha bisibisi zake. Nina zangu.

Yote haya ni kweli tupu. Anayebisha amuulize mshona viatu. Shemeji asiulizwe, ana kijicho. Na shahidi wangu mkubwa ni marehemu: yumo kwenye diski mpya, dakika kumi na moja, na jina langu analitaja mara saba.