Sumaku Iliyonivunjia Heshima

Kwa Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Umma.

Mheshimiwa Bibi Mkutubi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena ukiwa umeketi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi na uchoraji. Nilishika chaki miaka thelathini na moja bila doa. Nakuomba kwa heshima zote uyafunge madarasa yenu ya Jumamosi, yale ya watoto kushikashika vitu kwa mikono, kabla hayajanimaliza nyumbani kwangu. Sababu ni hizi:

1. Kelele. Juzi nilikuwa nasoma gazeti hapo maktabani, dirishani, mara watoto kumi na wawili wakapiga ukelele kwa pamoja, eti siki imetiwa magadi ikatoa povu. Povu hilohilo nililifundisha miaka yote, na hakuna mwanafunzi aliyewahi hata kutabasamu.

2. Uvivu wa walimu wenu. Yule binti mwenye aproni huwauliza watoto wanadhani kutatokea nini, kisha anangoja. Mwalimu anayejua kazi hangoji. Mimi niliandika ubaoni vifaa, hatua, matokeo na hitimisho, wanafunzi wakanakili, na jaribio likawa limekwisha kabla ya kengele. Hakuna jaribio langu hata moja lililowahi kushindwa. Vifaa vyenyewe vilibaki kabatini, vipya kabisa, na ufunguo anao mwalimu mkuu. Hivyo ndivyo mali ya umma inavyotunzwa.

3. Picha. Nilifundisha kwamba nyumba ina mlango katikati, jua liko pembeni, na mti ni kahawia chini, kijani juu. Ninyi mmewaambia watoto watazame kwanza. Basi mjukuu wangu akanitazama mimi, na matokeo mmeyabandika mlangoni mwa maktaba: babu amelala kitini, mdomo wazi, gazeti tumboni. Watu wananiamkia huku wakijiuma midomo. Soksi, nakiri, amezipatia.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Vizazi na vizazi nimewafundisha kwamba sumaku hunasa metali zote. Mjukuu wangu huyo, mwenye miaka tisa, alirudi na sumaku mliyomwazima akatangaza mbele ya bibi yake kwamba hainasi sufuria ya alumini. Nikamwambia sufuria ni chafu. Akaiosha. Nikamwambia sumaku imechoka. Akaisogeza kwenye kufuli, ikanasa. Tangu siku hiyo haniletei tena daftari lake. Zamani alikuwa haandiki hata mstari mmoja wa kazi ya nyumbani bila kuniuliza. Sasa anasema atauliza Jumamosi. Bibi Mkutubi, mmeninyang'anya mtoto, nami naona uchungu.

5. Tazama mbele. Mtoto akizoea kuhakikisha sumaku, kesho atahakikisha maneno ya mwalimu mkuu, keshokutwa ya diwani, na mwisho atataka apelekwe akalione lile daraja ambalo kila mwaka ripoti inasema limekamilika. Hapo nani atatawalika?

Kwa hiyo naomba siki irudi jikoni, sumaku zifungiwe kabatini, na watoto wapewe matokeo wanakili kwa utulivu.

Nisalimie wafanyakazi wote, mlinzi wa getini, dada wa mapokezi anayenihifadhia gazeti, na hata yule binti wa aproni, ambaye sina ugomvi naye binafsi.

Ni mimi, mtiifu wako niliyeudhika,
Mwalimu Mstaafu

Nyongeza: Mjukuu wangu ameisoma barua hii, akasema sababu ya nne haina ushahidi. Leo alipokwenda shule nikaichukua sumaku nimkomeshe. Sufuria haikunaswa. Nikajaribu kijiko, bawaba, pete yangu, miguu ya kitanda, kopo la majani ya chai. Mke wangu aliniita chakula mara tatu sikusikia. Miaka thelathini na moja nimefundisha sumaku, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuishika. Fomu yenu ya kujiandikisha inasema kuanzia miaka sita, lakini haisemi mwisho ni mingapi. Naomba nijibiwe kabla ya Jumamosi.