Uzinduzi wa Kompyuta Isiyoingiwa na Virusi, Shirere

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye naye bado yuko njiani. Chifu na Naibu wa Chifu. Wachungaji wa madhehebu yote. Wakulima wa miwa. Wenye nyumba za kupangisha pamoja na wapangaji wao. Akina mama wenzangu wa Kikundi cha Maendeleo. Na wewe Lynette mtoto wangu, simama watu wakuone, usiinamishe kichwa, ndiye huyo anayesomea kompyuta kule chuoni Sigalagala, na nguo hiyo nilimshonea mimi: hamjambo. (Makofi. Lynette anaketi haraka.)

Mimi Mama Lynette, mwenyekiti wenu, ninayo fahari kutangaza kwamba projekti yetu ya kompyuta, ambayo fezi yake ya kwanza imetekelezwa kwa asilimia tisini na saba nukta tano, leo inazinduliwa rasmi juu ya meza hii, chini ya kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu, na kwamba tangu tuanze haijaingiwa na kirusi hata kimoja, rekodi ambayo hata Nairobi hawana. (Makofi. Kitu kinatikisika chini ya kitambaa.) Hiyo ni kompyuta inapata joto.

Sasa mkisikia virusi mnafikiria homa. Ndugu zangu, kirusi cha kompyuta ni programu mbaya inayoingia kwa diski za kuazimana na kula kazi yako, na kuna programu nyingine, mlinzi, inayotoa onyo kikiingia. Lakini ubaya nao umesoma shule. Siku hizi kuna virusi vinavyovaa sare ya mlinzi, vinasimama kwenye skrini vikikuonya juu ya virusi, kumbe ndivyo vyenyewe. Utajuaje onyo lipi ni la kweli? Lynette, waambie, mimi nitafafanua.

(Lynette: “Onyo la uwongo linapiganga kelele. Linakuharakisha, bonyeza sasa, ukichelewa umekwisha. Linakutajia namba kubwa kubwa na halisemi zimetoka wapi. La kweli linatoka kwa mlinzi uliyemweka wewe mwenyewe, linakuonyesha faili iliyoharibika, halafu linangoja. Ukiwa na shaka usibonyeze kitu. Funga hilo onyo, kisha mfungue mlinzi wako mwenyewe uangalie.” Makofi marefu.)

Mmesikia. Na huyo nilimnyonyesha mimi. Ufafanuzi wangu ni huu: mgeni wa kweli hupiga hodi akangoja nje akikohoa, mwizi ndiye hukwambia fungua haraka nyumba inaungua. Kwa hivyo, bila kupoteza wakati, kwa sababu mvua iko juu ya msitu, naomba wote mnyanyue mikono sasa hivi tuidhinishe projekti na tumfanye Lynette mwalimu mkuu wa kituo, maana tukichelewa kidogo wenzetu wa kijiji cha Chekalini watatutangulia. (Hakuna mkono.)

Mikono, wenzangu.

(Mzee Shikanga, kutoka nyuma: “Mama Lynette, hii yako nayo inaharakisha.” Kicheko. Mama Rachael: “Na hiyo nukta tano imetoka wapi?”)

Hiyo ni takwimu ya kamati.

(Mzee Shikanga: “Basi sisi hatubonyezi. Tutafungua wenyewe tuangalie.”)

Mzee wangu, keti, kompyuta haipendi mwanga. (Lynette anamtazama mama yake, anakuja mezani, anakiinua kitambaa. Ni katoni ya televisheni. Ndani, kuku amelalia mayai. Watu wanacheka mpaka benchi moja inaanguka.)

Ndugu zangu, namshukuru sana Mama Pascalia kwa katoni, na huyu kuku wake kwa uvumilivu. Kompyuta yenyewe hatujawahi kuwa nayo, wala hatujaiagiza. Lakini niliposema haijaingiwa na kirusi, hapo sikudanganya.

(Mzee Shikanga: “Mwalimu tumempata. Kompyuta tutaitafuta pamoja, na safari hii tukiwa tumefungua macho.” Mikono yote inapanda.)

Mmeona? Amenikamata hata mimi niliyemzaa. Nani mwingine hapa ana mtoto kama huyu? Semeni nami: funga onyo, fungua mlinzi. (Umati unaitikia.) Mwalimu Lynette, hoyee. (Hoyee.) Asanteni kwa kuja, na mkitoka mpite polepole, kuku ndiye mfanyakazi pekee wa projekti na bado yuko kazini.