Kondo la Nyuma Liko Mbele

Jumanne, 5 Machi

Nimepigwa picha ya tumbo. Mwezi wa tano huu na mtoto hajacheza hata mara moja. Mpiga picha alisema moyo unadunda, uti wa mgongo umenyooka, vidole vipo. Vidole vipo. Ile mimba ya kwanza ilitoka kabla haijafika kwenye vidole, kwa hiyo nililia kidogo. Kisha, huku akinifuta jeli, akasema kondo la nyuma liko mbele. Akaita mjamzito mwingine aingie.

Kitu cha nyuma kinatafuta nini mbele? Ndiyo maana hachezi. Amebanwa, maskini.

Jumatano, 6 Machi

Wifi alipita saluni kwangu. Huyu ni dada wa mume wangu, na mimba zetu ziliingia mwezi mmoja. Wake anacheza. Kila siku ananivuta mkono niguse. Leo akasema mbele ya wateja kwamba wangu labda amefuata baba yake, kulala tu. Nikacheka nao. Nikaenda chooni nikalia peke yangu.

Nimepata mpango. Kondo lilisogea mbele, basi nitalirudisha nyuma. Nimetembea kinyumenyume kutoka saluni mpaka nyumbani. Nimemgonga muuza mayai. Alisema mengi, ila alipoangalia tumbo akayameza mengine.

Ijumaa, 8 Machi

Siku hizi nalala chali, mto chini ya kiuno, ili kondo lishuke kwa uzito wake. Mume wangu ni seremala. Nilimweleza, akafikiri sana, akasema ubao ukipinda huwekewa jiwe juu. Nimemkataza kuniwekea jiwe. Amenuna. Anasema nataka msaada halafu nachagua.

Mtoto kimya. Kwenye michoro ya ukutani kule kliniki, mwezi huu masikio yanaanza kusikia. Basi nimemwambia taratibu kwamba si lazima apige teke. Hata kidole kimoja kitanitosha.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeshindwa kuvumilia, nimekwenda kwa mkunga. Kwa mazoea niliingia kinyumenyume, ikabidi nieleze. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, mama, hiyo nyuma si mahali. Linaitwa la nyuma kwa sababu mtoto anatangulia kutoka, lenyewe linafuata nyuma yake. Ndilo linalomlisha kupitia kitovu, na hujishika popote kwenye mji wa mimba. Langu limejishika mbele, limekaa kama godoro. Mtoto anapiga, godoro linameza. Nisubiri tu, nilale ubavu, nitembee kama watu. Akanisikilizisha moyo wa mtoto. Unakimbia kama cherehani.

Nimemwelewa vizuri kabisa. Lakini nimetoka pale sijahisi kitu. Nikarudi nyumbani kinyumenyume, polepole, nikipisha watu.

Alhamisi, 14 Machi

Hakuna kitu. Nimeamka sina nguvu hata ya kushika kitana. Na wifi naye akaja kusukwa, bure kama kawaida yake. Akakaa kwenye kigoda, kisogo kimeegemea tumbo langu. Nilikuwa nimefika mistari ya nyuma alipogeuka akauliza mbona nampiga.

Sikumpiga. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye nywele zake.

Likaja teke lingine, chini ubavuni, dogo, kama samaki anayejigeuza kwenye ndoo. Wifi akaweka kiganja chake pale, akaanza kulia. Mimi machozi hayakuja, niliyamaliza wiki nzima. Nikamwambia mtoto anamwamkia shangazi yake, aitikie basi. Akaitikia marahaba, kamasi zinamtoka.

Mkunga na aseme lake. Kinyumenyume kimefanya kazi.

Jumanne, 19 Machi

Nimepigwa picha tena. Mtoto anacheza, mzima, anakua. Nikawa nateremka kitandani kwa furaha, ndipo mpiga picha akasema mlango wa kizazi umefunga vizuri.

Umefunga. Na anatabasamu. Nikamuuliza huyu mtoto atapitia wapi sasa. Akaanza kueleza habari za miezi ya mwisho, lakini mimi nilikuwa nimeshavaa viatu.

Nimefungua madirisha, makabati, hata masufuria nimeyafunua. Mume wangu hakuuliza. Amechukua bisibisi, anang'oa kitasa cha mlango wa mbele. Safari hii tumewahi.