Nirudishie Uvimbe wa Shangazi

Mheshimiwa Daktari wa Mifugo,

Salamu kwako na kwa msaidizi wako mwenye mikono ya upole. Mimi ni yule seremala aliyekuletea mbwa mwenye uvimbe wa saratani kwenye ngozi ya ubavu, ukampa vidonge vya steroidi ili usinyae kwanza, ndipo umpasue. Mbwa anaitwa Shangazi. Wanangu walimpa jina hilo kwa jinsi anavyokaa mlangoni na kumkagua kila aingiaye. Nina malalamiko, nayo ni haya:

1. Ulisema, "Atapenda kula kidogo." Daktari, hilo neno "kidogo" ulilitoa wapi? Amekula chakula chake, cha paka, kipande cha sabuni na kandambili yangu ya kushoto. Ya kulia anaitazama tu, kama mtu aliyeweka akiba.

2. Anamaliza ndoo ya maji, kisha anaikojolea nyumba yote bila ubaguzi.

3. Anahema kutwa kama msumeno butu. Wateja wanadhani nimemficha fundi mgonjwa nyuma ya pazia.

4. Jumamosi alikuja shangazi yangu wa damu, dada wa marehemu baba. Hajamaliza kuvua viatu, mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni: "Baba watoto, Shangazi kakojoa tena! Mtoe nje!" Mama wa watu akajipangusa sketi, akatoka mwenyewe. Tangu hapo ukoo mzima haupokei simu zangu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, unirudishie uvimbe wetu. Ulikuwa mkubwa kama limau, sikatai, lakini ulikuwa mtulivu. Haukula, haukukojoa, wala haukunigombanisha na ndugu.

Nisalimie wote hapo kliniki, hata yule paka wa mapokezi anayewakunjia watu uso.

Ni mimi, mwenye nyumba iliyolowa,
Seremala wa nyuma ya shule.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu ameushika mkono wangu akauweka ubavuni mwa Shangazi. Nimepapasa, nikapapasa tena. Kimebaki kitu kama punje ya harage. Basi ukishasoma barua hii, ichane. Vidonge vinakaribia kwisha, na ulituonya tusivikatishe ghafla. Tuongezee, na utupangie siku ya upasuaji. Nitamleta mwenyewe, nami nitakaa nje ya mlango mpaka azinduke. Tafadhali usinifukuze.