Nusu Huku, Nusu Lamadi

S.L.P. 41,
Bariadi.
9 Oktoba 2013.

Mkuu wa Idara ya Fizikia,
Chuo Kikuu,
Dar es Salaam.

YAH: KURUDISHWA KWA BINTI YANGU MILEMBE

Ndugu Mkuu wa Idara,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba.

Likizo iliyopita Milembe alitueleza mnachomfundisha. Alisema kuna kiwaya cha nusukipitishi (kitu kinachopitisha umeme kidogo tu), chembamba kuliko unywele mara elfu. Kikipozwa mno na kuwekewa sumaku, umeme hupita bila ukinzani, na chembe moja hukaa nusu ncha hii, nusu ncha ile. Katikati hamna kitu. Ukivuruga mahali pamoja, kilichohifadhiwa ndani ya chembe hakipotei, maana nusu ya pili iko mbali. Nina malalamiko.

1. Niliomba nikione hicho kiwaya. Hata yeye hajakiona, anakipigia hesabu tu. Mimi nikisema nina dume lisiloonekana, siazimwi hata kamba.

2. Tangu lije soko huria, wanunuzi huja na malori yao na wanataka ng'ombe wote zizi moja. Nikaamua kuwarudisha wale niliowaweka kwa shemeji yangu Maganga, Lamadi, kama baba alivyokuwa akiwagawa. Mke wangu Nyanjige amekataa. Anasema hata sayansi ya Milembe inaweka nusu huku, nusu kule. Miaka thelathini nimemshinda kwa hoja. Sasa ana fizikia.

3. Milembe, mtoto wetu wa pekee, ameomba miaka mitatu zaidi huko kwenu. Basi nusu ya ng'ombe iko Lamadi, mtoto yuko Dar es Salaam, na ile katikati isiyo na kitu ndiyo mimi. Inaniuma, Ndugu Mkuu. Nyumba imepoa.

Hivyo naomba chembe hiyo iunganishwe, iwekwe mahali pamoja, na binti arudi kabla hatujapanda pamba. Mkishindwa, nitamwandikia Mkuu wa Mkoa. Mkoa wetu ni mpya, bado wanasoma barua.

Wasalimie walimu wote, wapishi wa chuo, na yeyote anayeshika ile sumaku.

Ni mimi, baba wa mwanafunzi wenu,
Sayi Machibya

N.B. Kabla sijafunga bahasha, homa ya mapafu imeingia zizini. Ng'ombe wa hapa wameisha. Tumebaki na kumi na mmoja wa Lamadi. Safari hii Nyanjige amenishinda. Tafadhali Milembe msimrudishe. Ashike ncha hiyo, sisi tushike hii. Ila Jumapili apige simu.