Pilipili Kila Mlo

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimefungua sanduku la maoni. Miezi mitano halijaguswa. Ndani: maganda mawili ya pipi, kifungo cha shati, na karatasi inayouliza kwa nini choo cha wagonjwa kinafungwa saa za chakula. Kuhusu jarida langu, hata nukta!

Jarida ni Sahani Yetu. Kurasa mbili za mlo bora, linatoka kila mwezi hapa kituo cha afya. Bibi Lishe, mtaalamu wetu wa chakula, anaandika ushauri kwa mkono. Mimi nauchapa kwenye simu na kuupeleka ukachapishwe. Simu yangu ina akili: naanza neno, inamalizia yenyewe. Kwa kweli mimi ni karani wa mafaili. Lakini mlangoni pameandikwa MHARIRI. Nimepaandika mimi. Mke wangu akamwambia mama yake, na tangu siku hiyo mama mkwe kaacha kuniita "yule bwana". Ananiita "mhariri wangu".

Leo Mganga Mkuu kasema Ijumaa kuna kikao. Kama hakuna msomaji aliyeandika, jarida linakufa, na meza yangu ya dirishani anapewa Mtunza Stoo. Mimi nirudi chumba cha mafaili, kisicho na dirisha. Nitamtazama vipi mama mkwe? Saa nane Mtunza Stoo kaja na futi, akapima dirisha langu kwa ajili ya pazia. Nimekaa hapo hapo! Akaniomba nishike ncha. Nikaishika.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepata dawa. Wasomaji hawaandiki? Nitawaandikia.

Barua saba, zote kwa mkono wa kushoto. Dereva mstaafu, bibi harusi mtarajiwa, mwalimu wa hesabu, fundi cherehani, mjane, mlinzi wa benki, na mmoja aliyejiita Mama Watatu. Kila mmoja nimempa anwani, ili mambo yawe na uzito: nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba ya mlango wa bluu, na kadhalika.

Ilibidi nisome toleo la mwisho ili watu wangu wapate cha kusifia. Ndiyo mara ya kwanza nalisoma. (Mhariri hasomi, anahariri.) Kichwa, kwa herufi kubwa: KULA PILIPILI KILA MLO. Chini yake: tafuna kila tonge mara ishirini, usiwe na haraka, tumbo litakushukuru. Pilipili, mara ishirini! Nikasema mwaka huu Bibi Lishe kaamua. Basi, wote saba nikawalisha pilipili. Mjane kapungua kiuno. Dereva kaacha kukoroma. Gauni lililogoma sasa linamwingia bibi harusi bila kusukumwa. Mlinzi nilimpa kikohozi kidogo, isije ikaonekana wote wanasifu tu.

Chakula changu cha mchana: chipsi, chumvi ya kutosha, nyuma ya jenereta, nisionekane.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mke wangu katoka kwa mama yake kanuna. Wiki ya tatu hii tumbo linamwaka mama, naye ana vidonda vya tumbo tangu zamani. Lakini kila mlo lazima atie pilipili. Mpaka kwenye uji! Kisa? Sahani Yetu. Kalikata, kalibandika ukutani juu ya redio yake. Na redio hiyo ndiyo mwenzake tangu afiwe na mume. Anaifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na akienda kulala anaiaga.

Mke wangu kauliza kama kweli tumeandika hivyo. Nikamjibu kwamba ushauri ni wa mtaalamu, na dawa ya kweli haikosi uchungu. Tena niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu: nilifurahi. Msomaji halisi! Nikaagiza mama aje kikaoni Ijumaa, akaseme mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Ole wangu!

Bibi Lishe karudi kutoka likizo. Nikamkabidhi barua saba kwa madaha. Kasoma ya kwanza. Kasoma ya pili. Kavua miwani. Kauliza, pilipili gani? Kisha kafungua mkoba wake, katoa nakala ya ushauri wake, mwandiko wake safi, kaiweka mbele yangu. KULA POLEPOLE KILA MLO.

Polepole! Simu! Niliandika "p", ikamalizia yenyewe, nami nikaisifu.

Hapo ndipo pa kusema kwamba wale saba hawajazaliwa. Badala yake nikazipanga upya zile barua. Nusu saa haijapita, Mganga Mkuu katoa amri: watu saba wamedhurika, watafutwe leo leo. Gari la kituo, muuguzi, katoni ya dawa ya tumbo. Mhariri aongoze njia, maana barua alipokea yeye. Mtunza Stoo kajitolea kushika orodha. Nani alimwomba?

Nimezunguka kutwa kuwatafuta watu niliowatunga. Nyuma ya kituo cha mafuta hakuna nyumba, kuna jalala. Mlango wa bluu tuliupata mtaa wa tatu. Akatoka mzee kifua wazi. Muuguzi akamuuliza kama kuna kinachomwasha, akasema bado, ila sisi tumeshaanza kumwasha. Kwa bibi harusi tulimkuta fundi baiskeli mwenye ndevu. Mtunza Stoo anaweka alama ya mkasi kwenye orodha, anapiga mluzi, anaweka nyingine. Wa sita alipokosekana, akaomba azione tena barua. Akashangaa kwa sauti: watu saba, wino wote wa zambarau? Kalamu ilikuwa mfuko wa shati langu. Imevuja. Zambarau mpaka kitovuni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Na bado hilo silo baya kuliko yote. Nyumba ya mama mkwe tuliipita mara mbili. Mgonjwa wa kweli, wa pekee, yumo mle, na katoni ya dawa iko miguuni pangu. Sikusema simama. Mara ya pili nilimwona uani anaanika nguo, kajishika tumbo. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilivaa ndala.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nilimsihi mke wangu amzuie mama asije. Akasema mama kavaa tangu alfajiri.

Kaja na nguo ya sherehe. Kakonda. Matoleo ya nyuma mkononi, yamekunjwa vizuri. Mganga Mkuu hajamaliza kufungua kikao, mama kashasimama. Kasema yeye si msomi, lakini kila toleo amelisoma mwanzo mpaka mwisho. Pilipili imemuunguza mpaka machozi, ila hakuacha. Maana aliyeandika ni mwanawe, na mtu hawezi kumwandikia mama yake jambo la kumdhuru.

Bibi Lishe akamshika mkono, akamweleza lile neno lilivyokuwa. Mama akanitazama. Hakukasirika. Heri angekasirika! Aliuliza jambo moja tu: na wewe, baba, ulikuwa ukila?

Nyuma yangu Mtunza Stoo akanong'ona kwamba pilipili usiyoila yakuwashiani. Nikatazama meza. Naandika haya na uso bado unanichoma.

Uamuzi: Sahani Yetu linaendelea, mhariri Mtunza Stoo. Mimi mafaili. Mama mkwe kapewa dawa, karudishwa nyumbani kwa gari la kituo. Alinisogezea nafasi pembeni yake. Nilikaa mbele na dereva.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mke wangu haongei nami. Kasema sentensi moja tu: nenda kwa mama, ukapige magoti, uombe radhi kwa mdomo wako.

Nimevaa. Nimefika kona ya mtaa wao. Nimerudi. Miguu imekataa, nifanyeje? Halafu nikapata njia bora zaidi: ujumbe wa simu. Una heshima, haumchoshi mgonjwa, na anaweza kuurudia kila akijisikia. Nimeandika mistari miwili ya kutoka moyoni, nikatuma. Kifua chepesi! Nimekula vizuri.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Chumba cha mafaili. Taa moja, mende wawili. Pazia la Mtunza Stoo limekaa vizuri, inaniuma kusema.

Saa nne mlinzi wa geti kaniletea kifurushi. Kitambaa nikakijua kabla sijakifungua. Redio. Na barua ya mama mkwe: "Mhariri wangu, ujumbe wako nimeupata. Nimesikia umepelekwa chumba kisicho na dirisha. Upweke naujua. Usione haya kuniomba, wewe ni mwanangu. Betri nimetia mpya."

Kuomba nini? Nikafungua simu. "Mama, nimekukosea sana. Nakuomba redio kwa moyo wangu wote, tafadhali usininyime."

Radhi! Niliandika radhi! Nimekaa juu ya mafaili nikalia, na nikilia nilikuwa naona ukuta wake, ile karatasi ya pilipili, na chini yake patupu.

Lazima nimrudishie. Leo leo, kwa mkono wangu, na magoti nipige.

Ila kumrudishia ni kumwambia kakosea tena kuniamini, na tumbo lake bado bichi. Itamdhuru. Bora kwanza nimtayarishe. Nimemwandikia haraka haraka kwenye simu kwamba ilikuwa radhi, si redio, na kwamba nitakuja Jumapili. Maneno mengine imemalizia yenyewe. Sikuusoma kabla ya kutuma, taarifa ya habari ilikuwa inaanza, na redio hii inashika vizuri ajabu, hata humu ndani.