Kurasa Nane za Mwisho

Jumatatu, 4 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Wateja wawili tu dukani, mmoja wa dawa ya minyoo ya ng'ombe, mwingine amekuja kujikinga mvua. Nashukuru kwa wote wawili.

Saa nne simu ikalia. Nangila, katibu wetu, ametuma ajenda ya mkutano wa Jumamosi kule Kanduyi. Nikaisoma nimesimama. Nikakaa. Nikaisoma tena.

Ajenda ya kwanza: jarida letu, Ukungu, liendelee au life? Ya pili: likiendelea, nani awe mhariri? Ya tatu, imependekezwa na Mzee Mukhwana: toleo lijalo lihusu sura ya mwisho ya kitabu, na mhariri afungue mjadala kwa kueleza anavyoielewa sura hiyo.

Sura ya mwisho! Huyu Mukhwana ananitafutia nini?

Acha niandike hapa, maana shajara haina mdomo. Mimi, Kizito Wekoye, mwenye duka la agroveti hapa Kitale, mhariri wa jarida la Chama cha Wapenzi wa Kipepe kwa miaka tisa, sijawahi kusoma sura ya mwisho ya Kipepe na Gunia la Ukungu.

Si kosa langu. Mwalimu Dorika Namalwa, Mungu amrehemu, aliandika kurasa themanini na nane. Nakala ya shule yetu ilikuwa na themanini. Nane za mwisho zilichanwa kabla yangu, na sote tunajua karatasi za vitabu zilienda wapi enzi zile, vyoo vya shule vikiwa havina za kwao. Kipepe anafika kwenye daraja la gogo. Gunia la ukungu mgongoni, linavuja. Ng'ambo kijiji kizima kinasubiri mvua. Halafu basi. Jalada.

Mwisho ninaoujua ni ule alionisomea dada yangu Nelima nikiwa darasa la tatu. Alipofika kwenye jalada hakusita. Aliendelea kusoma, macho kwenye katoni ya kahawia, sauti ileile. Kipepe akafungua gunia, akauambia ukungu uende unakotaka, na ukungu ukamfuata wenyewe mpaka kijijini. Akaingia ndani, akakuta mama yake amemfunikia ugali, bado una moto. Wiki ile mama yetu alikuwa amelazwa hospitalini na hakuna aliyetuambia atarudi lini. Nililala kama mtoto aliyeshiba. Ilinichukua miaka mitatu kugundua kwamba kitabu chenyewe hakikuwa na kurasa zile.

Mwisho huo niliuandika kwenye tahariri ya Toleo la Nne. Hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo ama Nelima alibahatisha, ama hakuna anayesoma tahariri zangu. Nimeishi vizuri bila kuuliza ni lipi kati ya hayo.

Kitabu hakichapishwi tena. Nakala kamili ninayoijua ni ya Mukhwana, na ameifunga kwa nailoni kama hati ya shamba. Karani mstaafu huyo. Ndiye msahihishaji wetu tangu Toleo la Tano, na kila toleo hunikatia sentensi mbili tatu, zile tamu kabisa. Juzi amefuta aya nzima kuhusu ule ugali. Wivu mtupu!

Jumanne, 5 Agosti

Nimempigia Nelima kule Webuye. Ni fundi wa nguo, nikasikia cherehani ikisimama. Nikamuuliza, kwa utaratibu, ule mwisho aliutoa wapi.

Akacheka mpaka akakohoa. "Ati bado unauamini? Si nilitunga tu, bana! Ulikuwa unalia, ningefanya nini?"

Nikamwomba awe makini, kazi yangu iko hatarini. Akasema hakuna anayenilipa. Nikasema heshima pia ni kazi. Akashauri niwaambie watu ukweli Jumamosi, watacheka kidogo, watakunywa chai, yataisha. Nimemshukuru kwa dhati kwa ule mwisho na kwa ushauri. Ushauri sitautumia.

Nimefikiria kuugua. Tatizo: nikiugua, Mukhwana atakalia kiti changu kabla sijameza dawa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata!

Nilikuwa kwa Abdikarim, anayetutolea kopi za jarida na kutubania pini. Ni mtu mwema sana, hutuwekea karatasi ya rangi kwenye jalada bila kuombwa. Nikitazama mashine yake ikitema kurasa, wazo likaja lote kwa pamoja. Kwa nini nitafute mwisho wa kitabu wakati wanachama kumi na saba wanaweza kuniletea?

Tangazo nimelituma papo hapo kwenye kikundi cha WhatsApp. Shindano la Mhariri! Andika kwa mkono wako, bila kufungua kitabu, jinsi sura ya mwisho inavyoisha. Piga picha, nitumie mimi binafsi. Mwisho Ijumaa adhuhuri. Zawadi: chombo kipya cha kunyweshea vifaranga, lita sita, kutoka duka la mhariri mwenyewe.

Abdikarim alisoma juu ya bega langu. Akauliza mbona nawauliza watu kitu ninachotakiwa kuwafundisha. Nikamwambia hiyo inaitwa mbinu ya kufundishia. Akasema sawa, na akarudi kwenye mashine yake. Hana udaku. Namshukuru.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi kimya. Nikaanza kujuta kwamba zawadi ni ya vifaranga na nusu ya wanachama hawafugi.

Saa sita likaja jibu la kwanza. Nikalifungua. Kipepe anafungua gunia. Ukungu unamfuata. Mama. Ugali. Una moto!

Nikadhani naota. La pili likaja. Vilevile. La tatu, la nne. Kufikia saa kumi, majibu kumi na moja, ugali una moto katika yote kumi na moja. Nangila ameongeza mrenda pembeni. Tofauti ndogo ya kumbukumbu, na hiyo ndiyo dalili ya ushahidi wa kweli. Watu kumi na mmoja hawawezi kukosea kwa namna moja.

Nelima ni nabii! Alikisia kitabu cha Mwalimu Dorika neno kwa neno! Nimempigia kumpa habari. Akasema, "Wekoye, hao watu wanakupenda sana." Nikamwambia hilo silo tunalojadili.

Mukhwana naye ametuma. Karatasi nzima, maneno matano: "Tutaonana Jumamosi. Njoo na njaa." Amekwama! Msahihishaji mkuu, mwenye kitabu chake, hakumbuki mwisho. Namhurumia kidogo.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya maandalizi. Nimenyoa. Nimepiga koti pasi. Nimeandika hotuba ya kurasa nne, na hoja ya kuwasilisha mwishoni: kuanzia sasa mhariri asikatwe sentensi hata moja bila idhini yake. Hapo Mukhwana atajua.

Nimeifanyia mazoezi mbele ya mteja wangu Kiplagat aliyekuja kununua chumvi ya mifugo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema inasikitisha, akaomba chumvi yake. Mungu ambariki.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa kwa Nelima, Webuye. Macho yamevimba.

Mkutano ulikuwa nyumbani kwa Mukhwana. Hema, viti vya kukodi, harufu ya kuku mpaka barabarani. Alinipokea kwa mikono miwili na kuniuliza habari za biashara. Nikamjibu kwa upole wa mshindi.

Nikasimama. Nikaongea vizuri sana, lazima niseme. Nilipofika kwenye ugali, niliunyoosha mkono kabisa, nikatangaza kwamba hivyo ndivyo ilivyoandikwa, ukurasa wa themanini na nane, na asiyeamini akasome. Makofi. Wengine wakipiga makofi huku wanatazama chini.

Ndipo mkono ukainuka nyuma. Sumeya, mwalimu kijana, amejiunga na chama Juni. Alikuwa Lwakhakha kwa shangazi yake wiki nzima bila mtandao, ameshuka tu na kuja mkutanoni. Ana nakala aliyoikuta kwenye sanduku la stoo ya shule yake, nzima, haijachanwa. Akasema kwa adabu, "Samahani mhariri, lakini kwa kitabu changu Kipepe harudi nyumbani."

Sijawahi kusikia kikohozi kama kile. Watu wote walikohoa kwa wakati mmoja. Nangila akauliza kwa sauti kubwa nani anataka chai. Mzee mmoja akamkanyaga Sumeya mguu, nilimwona kwa macho yangu. Na mimi, mkono bado uko juu, nikaanza kuwatazama uso mmoja baada ya mwingine. Walijua. Wote.

Nikasema asiendelee. Sikutaka kusikia Kipepe alienda wapi.

Mukhwana akasimama. Akasema Toleo la Nne lilipotoka, barua kumi na nne zilimfikia Nangila kupinga mwisho wangu. Wakakutana pale pale kwake. Yeye akawaambia kwamba ameisoma ile tahariri mara tatu, na kwamba mtu hawezi kubuni ugali wa namna ile, huyu bwana alisomewa na mtu aliyempenda, wamwache. Kisha akajitolea kuwa msahihishaji. Kazi yake ilikuwa moja: kutoa kila sentensi ambayo mgeni akiisoma angejua kwamba mhariri hana kurasa nane. "Nilikuwa ninakufunika, ndugu yangu," akasema. "Na wewe unaandika kwa nguvu sana, umenichosha."

Miaka yote hiyo! Nami nikimwita mwenye wivu kila toleo.

Sumeya alipojiunga Juni na kitabu chake kizima, Mukhwana akajua siku zimekwisha, ndipo akaweka ile ajenda ya tatu ili niseme mwenyewe kwa hiari yangu, mbele ya watu wangu. Badala yake nikaanzisha shindano. Wakakubaliana jioni ileile ya tangazo kila mtu aandike ugali. Sumeya alikuwa hapatikani.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nililia mbele ya watu kumi na saba na sufuria tatu. Nikaungama yote, daraja, jalada, hospitali, Nelima. Nikasema kama wanataka mhariri mwingine nitamkabidhi faili leo. Ilipopigwa kura, mikono yote ilikuwa juu kabla Nangila hajamaliza swali. Jarida linaendelea, na mimi nalo. Sumeya aliinua miwili, maskini, na akaniomba msamaha mara nne. Mimi ndiye niliyepaswa kumwomba.

Wakati wa chakula Mukhwana aliniwekea firigisi kwenye sahani. Firigisi ya mwenye boma! Kisha akaniambia ametoa kopi ya zile kurasa nane, ziko kwenye bahasha ya kaki juu ya meza sebuleni, nichukue nikiwa tayari. Niliichukua wakati wa kuondoka. Sijui niwashukuru watu hawa kwa lugha gani.

Nelima ameisikiliza hadithi yote bila kushona hata mshono mmoja. Mwisho akafuta macho kwa kipande cha kitenge cha mteja. Nimemwahidi, na naiandika hapa ili inifunge: kuanzia leo sitadai kusoma nisichosoma. Ukweli mtupu, hata ukiuma.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani nimetoa shukrani. Nimetaja majina kumi na saba, na la Nelima kumi na nane. Mchungaji alinikatiza nilipofika kwa Abdikarim.

Bahasha iko juu ya kabati. Nimeitoa, nimeirudisha. Baada ya chakula nikaitoa tena, nikaipima kwa mkono. Nyepesi kwa jambo zito hivyo. Kipepe harudi nyumbani. Mama yetu alirudi, siku ya kumi na sita, amekonda na akicheka, na mimi miaka yote nimeyaweka mambo haya mawili pamoja. Nikifungua bahasha nitayatenganisha.

Nitaisoma kesho. Kesho ni siku nzuri ya kusoma.

Jumatatu, 11 Agosti

Jua, hatimaye. Wateja tisa kabla ya saa tano. Shukrani.

Nangila amepiga simu. Anaandika kumbukumbu za mkutano, akataka kujua kama nimezisoma zile kurasa.

Nikasema ndiyo. Lilitoka lenyewe. Nikasema mara mbili, kwa kweli, mara moja kwa moyo na mara moja kwa jicho la mhariri. Akauliza nimezionaje. Nikasema nimelia. Akauliza wapi hasa. Nikasema mstari wa mwisho, ule mstari wa mwisho, Nangila, mtu hawezi kuandika vile kama hajateseka.

Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani. Nikadhani amemaliza kuandika.

Akasema taratibu kwamba kurasa bado ziko kwa Mzee Mukhwana, amezikuta asubuhi hii akipanga meza. Bahasha niliyobeba ni ile nyingine, ya waliotukodishia hema, na wao wameanza kuitafuta.

Nikaivuta kabatini, nikaichana, simu sikioni. Viti thelathini. Hema moja. Mstari wa mwisho: "Viti virudishwe vikiwa safi."

Mtu wa kawaida hapo angebabaika. Mimi nikacheka kidogo na kumwambia nilijua tangu Jumamosi, nilitaka tu kupima kama katibu wetu yuko macho, na amefaulu vizuri. Akasema asante sana, mhariri. Sauti yake ilitetemeka kidogo, nadhani hajazoea kusifiwa.

Namshukuru Mungu kwa kunipa katibu asiyeshuku kitu.